Unampigia mdogo wako Likoni, anapokea mtu wa Mbeya: matatizo ya simu za kuvuka mpaka na vyanzo vyake

Mtu wa Tanga hahitaji kwenda mbali ndipo apige simu ya nje. Mjomba yuko Likoni, shangazi kaolewa Vanga, na mnunuzi wa machungwa ya Muheza yuko sokoni Kongowea anataka kujua gari limeshapita Horohoro au bado. Sisi tunaona ni majirani, tunaozana na kuzikana. Mitambo ya simu haijui ujirani. Kwake, ng'ambo ya Horohoro ni nchi nyingine sawasawa na Oman au Uingereza.

Malalamiko huja kwa sura nyingi, lakini mengi yana mzizi mmoja: namba iliyoandikwa kwa ajili ya mtu aliye ndani ya nchi inapigwa na mtu aliye nje. Sifuri moja mwanzoni mwa namba inauambia mtandao "tafuta humu humu nchini". Alama ya kujumlisha inauambia "toka nje, kisha fuata msimbo wa nchi". Kwa hiyo kabla hujamtukana mwenye mtandao, tazama namba yako inaanzaje, halafu ujiulize simu yako imeshika mnara wa nchi gani. Maswali hayo mawili yanamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Misimbo ya kuwa nayo karibu: Tanzania 255, Kenya 254, Uganda 256, Rwanda 250, Burundi 257, Msumbiji 258, Zambia 260, Malawi 265, Kongo ya Kinshasa 243, Komoro 269.

Simu inaita vizuri, ila anapokea mtu usiyemjua

Hili ndilo linalowachanganya watu kuliko yote, kwa sababu hakuna dalili ya kosa. Simu imetoka, imeita, imepokelewa. Tatizo ni kwamba Kenya na Tanzania zote zinatumia namba za mkononi zinazoanza na 07, zote za tarakimu kumi. 0713 huku kwetu ni namba za Yas, iliyokuwa Tigo. Kenya ni za Safaricom. 0754 kwetu ni Vodacom, kwao ni Airtel. 0768 kwetu ni Vodacom, kwao Safaricom. Namba ile ile, tarakimu kwa tarakimu, inaweza kuwa na mwenyewe Mombasa na mwenyewe mwingine Tanzania, na wote wawili wako sahihi.

Kwenye kibanda cha simu Ngamiani mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie, huyu mdogo wangu wa Likoni kila nikimpigia napokewa na mwanamume anasema yuko Mbeya. Mwisho kanigombeza."

"Namba alikupa nani?"

"Yeye mwenyewe, aliponiandikia kwenye harusi."

Kikaratasi kimekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia kwenye mikunjo, lakini kinasomeka: 0713 na tarakimu sita zinazofuata. Mdogo mtu hakukosea hata kidogo. Kaandika namba yake kama anavyoitaja kila siku kwao. Dada mtu naye kaipiga kama ilivyo, yuko Tanga, na mtandao ukafanya ulichoambiwa: ukamtafuta mwenye 0713 hiyo hapa Tanzania. Dawa ni kuitoa sifuri ya mbele na mahali pake kuweka +254, iwe +254 713 na zile tarakimu sita. Ikishapatikana, ihifadhi hivyo hivyo na ile ya zamani uifute kabisa, maana zikibaki mbili kwa jina moja, siku ya haraka utagusa ile mbaya.

Upande wa pili nao una ugonjwa huo huo. Ukimtajia mtu wa Mombasa namba yako kwa mdomo, ataiandika na sifuri, na kesho atampata Mkenya mwenzake. Njia nyepesi ni kumtumia ujumbe mfupi. Ujumbe ukifika kwake, namba yako inatokea ikiwa na +255 tayari, na anaihifadhi kutoka pale pale bila kuandika kitu.

Hapa niongeze neno juu ya pesa. Kumpigia mtu asiyehusika ni usumbufu wa dakika moja, lakini kumtumia pesa ni safari ya kuzifuata. Mtu akikwambia "nitumie kwa namba hii ya 07", muulize kwanza ni ya nchi gani. Na jina likitokea kwenye kioo kabla ya kuweka namba ya siri, lisome. Watu wengi hulipita jina lile mbio mbio kama vigezo na masharti.

Umeweka 254, bado unaambiwa namba uliyopiga si sahihi

Sababu ya kwanza na ya kawaida ni sifuri iliyobaki. Mtu anaweka +254 kisha anaendelea 0713 na kadhalika, ikawa +2540713. Sifuri ile ni ya ndani ya nchi tu. Ukishataja msimbo wa nchi haina kazi tena, inaharibu. Kosa hili linachochewa na vibao vya maduka na kadi za biashara zinazoandika "+255 (0) 27" na namba yake. Aliyeandika alikusudia kusema: ukiwa ndani piga sifuri, ukiwa nje iache. Msomaji anapiga vyote. Ukiona sifuri ndani ya mabano, iruke.

Sababu ya pili ni kinyume chake. Mtu kaambiwa "ondoa tarakimu ya kwanza" akaondoa 7. Kinachoondolewa ni sifuri peke yake. Kama namba haikuanza na sifuri, usiondoe chochote.

Kipimo ni kuhesabu. Kwa namba ya mkononi ya Kenya, Uganda, Rwanda au Tanzania, baada ya msimbo wa nchi zinabaki tarakimu tisa. Ukijumlisha na tatu za msimbo unapata kumi na mbili. Zikiwa kumi na tatu, umeacha sifuri ndani. Zikiwa kumi na moja, umedondosha kitu, na mara nyingi ni tarakimu moja kati ya mbili zinazofanana zilizofuatana, kama 55 au 00, ambayo mwandishi aliiandika mara moja.

Burundi na Komoro hazifuati hesabu hiyo. Namba ya Burundi ni tarakimu nane baada ya 257, ya Komoro ni saba baada ya 269. Nimeona mtu akimlazimisha jamaa yake wa Ngazija ataje "tarakimu mbili zilizobaki" wakati hazipo. Msumbiji namba za mkononi ni tisa, zinaanza na 8, na hakuna sifuri ya kuondoa kwa sababu wao hawaitumii hata wakipigiana wenyewe.

Sababu ya tatu inaletwa na jamaa walioko Ulaya. Wao hutoka nje kwa 00, na wakirudi likizo wanafundisha hivyo. Tanzania njia ya kutoka nje ni 000, sifuri tatu, na Kenya na Uganda ni hivyo hivyo. Kutoka simu ya mezani hapa Tanga unapiga 000 254 kisha namba bila sifuri yake. Kwenye simu ya mkononi usihangaike na kuhesabu sifuri: weka alama ya kujumlisha, mtandao utajua wenyewe, uwe Tanga, Kampala au London.

Alama ya kujumlisha haipatikani kwenye simu

Kwenye simu ya kugusa, bonyeza sifuri na uishikilie. Alama iko chini ya sifuri yenyewe, imeandikwa kwa udogo. Kwenye kitochi inategemea aina. Nyingi ni hivyo hivyo, unashikilia sifuri. Kwenye Nokia za vibonyezo unabonyeza kinyota mara mbili kwa haraka. Haraka hapo ni muhimu: ukibonyeza polepole utapata vinyota viwili, na simu ikipigwa hivyo haifiki popote. Ukibonyeza mara nyingi mno inageuka kuwa herufi p au w. Futa, anza tena.

Wazee wanapopata shida na vidole, usiwafundishe. Hifadhi namba ikiwa na alama yake, mpangie kibonyezo kimoja cha kupiga moja kwa moja, naye ajue tu kwamba mbili ni ya Mombasa.

Daftari la zamani lina namba inayoanza na 005, 006 au 007

Hizi si za kubuni. Posta na simu za Kenya, Uganda na Tanzania ziliwahi kuwa shirika moja la Afrika Mashariki, mpaka jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikachukua chake. Nchi hizi tatu zilibaki na njia ya mkato ya kupigiana bila kuzunguka kwa njia ya kimataifa: kwenda Kenya 005, kwenda Uganda 006, na kwenda Tanzania 007. Kwa hiyo simu ya mezani ya Mombasa kutoka Tanga iliandikwa 005 41 kisha namba ya nyumba, na ofisi ya Tanga kutoka Mombasa 007 27 na namba yake.

Mtego wake uko wazi ukiutazama vizuri. Msimbo wa Kenya ni 254 lakini mkato wake ni 005. Msimbo wa Tanzania ni 255 lakini mkato wake ni 007. Mtu akikumbuka nusu tu anabuni "004" kwa Kenya, au anadhani 005 ni ya kuja kwetu kwa sababu 255 inaishia na tano. Vyote havifiki. Kwenye simu ya mkononi usiitegemee mikato hii kabisa. Ukiikuta daftarini, futa 005 andika +254, na uendelee na namba iliyobaki.

Daftari hilo hilo huwa na ugonjwa wa pili, nao ni misimbo ya miji iliyokwisha muda. Mombasa ilikuwa 011, sasa ni 041. Dar es Salaam ilikuwa 051, sasa 022. Zanzibar ilikuwa 054, sasa 024. Tanga tunatumia 027, tukiwa pamoja na Kilimanjaro na Arusha. Ukibadilisha msimbo wa mji peke yake bado unaweza kugonga mwamba, kwa sababu namba zenyewe nazo ziliongezewa tarakimu. Namba ya mezani ya Tanzania leo ni tarakimu saba baada ya msimbo wa mji. Namba fupi ya zamani haiponi kwa kubahatisha. Tafuta mtu wa familia ile mwenye namba ya mkononi.

Namba za mkononi nazo zilihama. Aliyeandika 0744 sasa yuko 0754. 0741 ikawa 0713. 0748 ikawa 0784. Na 0747 ya Zantel ikawa 0777. Mwenye jamaa aliyetoka Tanga zama za 0744 na hajapiga tangu wakati huo, aanze na badiliko hilo kabla hajasema ndugu zake wamemtupa.

Namba ya +254 1… imenipigia. Ni tapeli?

Si lazima. Tumezoea Mkenya awe 07, lakini tangu mwaka 2019 Kenya inatoa pia namba za mkononi zinazoanza na 01: 0110 na nduguze kwa Safaricom, 0100 na nduguze kwa Airtel. Kijana aliyenunua laini mpya Ukunda leo anaweza kuwa na +254 110 au +254 100, na ni namba halali kama nyingine. Ujue tu kwamba inafanana kwa sura na ile 011 ya zamani ya mezani ya Mombasa. Ya mkononi ina tarakimu kumi ukihesabu sifuri yake. Ile ya zamani ilikuwa fupi zaidi.

Utapeli wenyewe una dalili nyingine. Simu inaita mara moja inakatwa, tena usiku, kutoka msimbo wa nchi ambayo huna mtu. Wanataka urudishe, upigiwe muziki au maneno yasiyoisha huku salio likiyeyuka, na wao wagawane hayo malipo. Usirudishe. Mwenye haja na wewe atapiga tena au ataandika. Lakini kama una shemeji Ngazija, usiikatae kila +269 kwa hofu hiyo. Linganisha kwanza na namba uliyonayo.

Uko Horohoro, Jasini au Moa, na namba za Tanga mjini hazipatikani

Mawimbi ya simu hayasimami kwenye geti la uhamiaji. Mnara ulioko Lunga Lunga au Vanga unafika upande wetu, na kwenye sehemu ambayo mnara wa kwetu ni dhaifu, simu inakamata wenye nguvu. Kama laini yako imefunguliwa romingi, yaani ruhusa ya kutumia mitandao ya nchi nyingine, itahamia Kenya bila kukuuliza. Wavuvi wa Moa hupata hili zaidi wakiwa baharini, ambako hakuna kilima wala jengo la kuzuia.

Dalili zipo kwenye kioo. Juu kabisa, mahali pa jina la mtandao wako, linasomeka jina la mtandao wa Kenya. Pembeni ya vijiti vya mawimbi inatokea herufi R ndogo. Mara nyingi unaingia pia ujumbe wa kukukaribisha Kenya, wakati umekaa chini ya mwembe wa Mkinga. Tangu dakika hiyo, sifuri ya mwanzo inamaanisha Kenya. Ukimpigia mkeo Chumbageni kwa 0754, mtandao unamtafuta Mkenya mwenye 0754. Ni kisa cha yule mama wa Ngamiani kilichogeuzwa, tena kigumu zaidi kukigundua kwa sababu namba hujaibadilisha na asubuhi ilikuwa inafanya kazi.

Tiba ya papo hapo: piga kwa +255. Tiba ya kudumu ni kuingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya mitandao ya simu, uzime uchaguzi wa kiotomatiki na uchague mtandao wako kwa mkono. Ukifanya hivyo, kumbuka kurudisha ukifika mjini. Simu iliyofungwa kwenye mtandao mmoja haitafuti mwingine, na mtu akivuka kwenda Mombasa akiwa ameisahau hivyo atakaa siku nzima anadhani laini imekufa.

Kama badala ya jina la mtandao unasoma "simu za dharura tu", maana yake simu inaona mnara wa Kenya lakini laini yako haina ruhusa ya kuutumia. Sogea, au panda mahali palipo wazi upande wa bara. Namba ya dharura 112 inatumika nchi zote mbili, ila ikipitia mnara wa Kenya itapokewa Kenya. Taja mapema kwamba uko Tanzania na utaje kijiji.

Kabla hujafika mpakani zima data. Picha za kikundi cha familia zikijipakua zenyewe kwa gharama ya ugenini, salio la wiki linakwisha kabla hujamaliza kugonga pasipoti.

Dakika zipo tele, lakini simu ya Kenya haitoki

Kifurushi cha dakika ulichonunua ni cha ndani. "Mitandao yote" kwenye tangazo la kifurushi maana yake ni mitandao yote ya Tanzania. Simu ya kwenda +254 inadai salio la kawaida, au kifurushi cha kimataifa kinachotaja Kenya kwa jina. Mtu mwenye dakika mia tano na salio la sifuri anaambiwa salio halitoshi, anapandisha hasira kwa watoa huduma. Weka vocha ndogo, usiigeuze kifurushi, kisha piga.

Kuna wanaokumbuka enzi za Celtel, ambayo mwaka 2006 iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, mteja akawa anavuka mpaka na kupiga kama yuko kwao. Na jamaa wa Mombasa watakusimulia jinsi wanavyopiga Kampala kwa bei ya karibu. Hilo lilitokana na mpango wa mtandao mmoja ulioanza mwaka 2014 kati ya Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Tanzania haikuwamo kwenye kundi la mwanzo. Usichukue bei aliyokutajia mtu wa Nairobi ukaifanya ya Tanga. Uliza mtandao wako bei ya dakika moja kwenda Kenya leo.

Binamu kapiga kutoka Mombasa, namba iliyotokea ni ya Tanzania

Unajua sauti yake, umeongea naye, lakini kwenye kumbukumbu ya simu imebaki namba ya 06 au 07 ya hapa hapa. Ukiipiga haipokewi, au anapokea mtu asiyejua lolote. Binamu hajabadili laini. Kuna wajanja wanaopokea simu za kimataifa kwa njia ya intaneti, kisha wanaziingiza nchini kupitia kifaa kilichojazwa laini nyingi za hapa, ili wakwepe malipo halali. Kifaa hicho huitwa simboksi. Simu inafika ikiwa imevaa namba ya mojawapo ya laini zile. Ni kosa kisheria, na wewe si mkosaji wala binamu si mkosaji. Yeye alipiga kawaida, kampuni ya njiani ndiyo iliyopitisha kwa njia ya panya.

Cha kufanya: usiihifadhi namba ile kwa jina la binamu. Mpigie kwa +254 yake ya siku zote. Sauti ikiwa inachelewa na kukatika katika, hiyo ni dalili nyingine ya njia hizo. Na kama anayepiga anasema ni ndugu yako wa Kenya, namba ni ya hapa, na anaomba pesa, kata simu umpigie ndugu mwenyewe kwa namba yake ya zamani. Matapeli nao wanaujua mwanya huu.

WhatsApp haimwoni, ingawa namba unayo

Programu ile husoma kitabu chako cha namba. Ikikuta 0713 bila msimbo, inachukulia ni ya nchi ya laini yako, inatafuta +255 713, na inakwambia hayupo au inakuletea picha ya mtu mgeni. Weka +254, toka kwenye orodha, irudie, atatokea. Ukiona picha ya mtu mgeni kwenye jina la mjomba wako, sasa unajua ni nani huyo: ni yule bwana wa Mbeya.

Pemba na Unguja je?

Si nchi ya nje kwa simu. Namba ya mkononi ya Wete au Mkoani unaipiga na sifuri yake kama ya Korogwe, na ya mezani inaanza na 024. Kuna orodha za zamani zinazotaja msimbo 259 kwa Zanzibar. Ulitengwa lakini haukutumika. Anayepiga kutoka Mombasa kwenda Chake Chake anatumia +255 kama kawaida.

Namba fupi ya huduma kwa wateja ya Kenya haifiki

Namba kama 100, na zile za bure zinazoanza na 0800, zinafanya kazi ndani ya nchi yake tu. Kuziwekea +254 mbele hakusaidii. Omba namba yao ya kawaida ndefu, kampuni nyingi zinayo kwa ajili ya walio nje.

Namba imekamilika, bado "haipatikani kwa sasa"

Ukishahakikisha +254, tarakimu tisa na salio, kosa si lako tena. Linganisha saa kwanza. Kenya na Uganda zina saa ile ile kama sisi, lakini Rwanda, Burundi, Msumbiji, Malawi na Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja, Kinshasa kwa mbili. Ukipiga alfajiri baada ya swala kwenda Bujumbura, unampigia mtu aliyelala na simu kaizima.

Kisha mwombe mtu aliye Kenya aipige namba ile kwa sifuri yake. Ikimpata, tatizo liko kwenye njia kati ya mtandao wako na wao. Jaribu kutoka laini ya mtandao mwingine hapa Tanga. Isipompata naye, laini imezimwa au imefungwa. Kwetu tulishuhudia namba nyingi zikizimwa kuanzia Januari 2020 kwa kutosajiliwa kwa alama za vidole, na namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kupewa mteja mpya. Usijaribu kubashiri mtandao kwa kutazama tarakimu za mwanzo: Kenya iliruhusu kuhama na namba mwaka 2011, Tanzania mwaka 2017, kwa hiyo 0722 ya leo inaweza kuwa kwa mtandao mwingine kabisa.

Simu ya mezani ya ofisi ina jambo lake peke yake. Ukipiga 000 ikalia tuu-tuu mara moja, kabla hujaongeza chochote, simu imefungiwa kutoka nje na aliyeifungia ni mhasibu wenu. Muulize yeye.

Vikibaki vyote hivyo na bado hupati, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako ukiwa umeandika vitu vitatu: namba kamili uliyopiga tangu alama ya kujumlisha, saa uliyopiga, na maneno uliyosikia kama yalivyosemwa, pamoja na lugha yake. Sauti iliyosema "namba unayopiga" mara nyingi ni ya kwetu, na iliyosema "nambari uliyopiga" mara nyingi ni ya Kenya. Mhudumu akijua simu ilikwamia upande upi hatakuambia uzime simu na kuiwasha.